Sita, Kisha Tisa, Ndipo Saba

Nimekabidhi funguo za chumba cha kusomea cha Bwera, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, na magoti yangu yameshukuru kabla yangu mwenyewe. Nyinyi mliobaki kazini, Sifa na Bwambale, mmeniomba niwaandikie namna ya kuwaazimisha watu zile katuni za Chipukizi, maana mpangilio wake umewashinda na wasomaji wanawacheka. Nitawaandikia. Lakini mpangilio ule haukutoka kwa mtaalamu yeyote, ulizaliwa kazini, na siwezi kuueleza bila kuieleza kazi yenyewe. Nivumilieni. Mkizeeka mtakuwa hivihivi.

Nilianza Kasese, katika chumba kilichobanana na duka la fundi cherehani, chini ya mzee aliyeitwa Baluku. Siku ya kwanza alinikuta nimepanga vitabu kwa urefu, virefu nyuma na vifupi mbele, kama watoto wanaopigwa picha ya shule. Nilijiona nimefanya kazi. Mzee Baluku akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Zaituni mwanangu," akasema, "umepata kuona mtu anaingia hapa anauliza kitabu mrefu?"

Nikasema sijapata kuona.

"Basi panga vile watu wanauliza."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya ukutubi. Mengine yalikuwa ya mikono. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa muhogo na kutia pilipili ndani yake, kwa sababu panya wa Kasese hupenda muhogo kuliko elimu. Alinifundisha kushona migongo ya vitabu kwa uzi wa nailoni wa nyavu, ambao tuliuagiza Kahendero kwa wale wanaoshona nyavu za ziwani. Majalada tuliyatengeneza kwa karatasi ya mifuko ya saruji, iliyokung'utwa vizuri. Selotepu msiiguse. Kwa joto la huku inageuka njano, na ikibanduka inaondoka na maneno.

Mzee Baluku hakuwakumbuka wasomaji kwa majina, wala hakujaribu. Mnajua mambo ya huku. Mkonzo wa upande huu hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa kati ya ndugu zake, na ng'ambo Kongo kwa Wanande ni vivyo hivyo, kwa hiyo ukisimama sokoni ukaita "Baluku!" nusu ya wanaume wanageuka na mmoja anakuja kukudai. Siku moja nilimuuliza anawatofautishaje.

"Mimi nakumbuka mtu kwa kitabu anakataa," akasema. "Kitabu anapenda, wote wanapenda. Kile anakataa, hiyo ni yake peke yake."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na kijana huchelewa kusikia.

Nilipohamishiwa Bwera nilikuta mambo mengine kabisa. Kasese wasomaji walikuja mmoja mmoja, Bwera walikuja kwa siku za soko, Jumanne na Ijumaa, walipovuka kutoka Kongo na wazazi wao wafanyabiashara. Wazazi walibaki sokoni Mpondwe na mawese yao, watoto wakapanda kwangu. Hapo ndipo Chipukizi walipoingia maishani mwangu, na waliingia kwa njia mbili. Toleo la Kifaransa lilitoka Butembo, limefungwa ndani ya vitenge. Toleo la Kiingereza lilitoka Kampala, ndani ya sanduku juu ya basi.

Kama hamjawahi kuwasoma, na najua wewe Bwambale unajifanya umewasoma, Chipukizi ni vijana wanne wenye nguvu zisizo za kawaida. Mwanga hutoa moto viganjani. Jiwe hawezi kuvunjika. Upepo hukimbia kuliko gari. Wa nne, ambaye wasichana wote walimpenda, ni msichana mwenzao, Kimya. Yeye anaweza kuizima sauti yoyote, hata ya nyayo zake, na kuwapitisha watu katikati ya maadui bila kusikika. Majina haya tuliwapa sisi. Katika Kifaransa wana mengine na katika Kiingereza mengine, na tungeyafuata yote tungerukwa na akili.

Mpakani vitabu vile vilinipa shida mara moja tu. Mwanajeshi mmoja aliukagua mzigo wangu.

"Wewe mama! Hii kitu gani? Fungua!"

"Ni vitabu, afande."

"Vitabu gani iko na watu wanaruka? Leta moja!"

Nikampa cha kwanza. Juma lililofuata akanisimamisha tena kwa sauti ileile. "Wewe mama! Namba mbili iko wapi?" Tangu hapo mizigo yangu ilivuka salama, ila afande alisoma kila kitu kabla yetu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kampala mtoto husoma la Kiingereza, Butembo husoma la Kifaransa, na kila mmoja hufuata namba zake kwa amani. Kwetu yalikaa yote mawili kwenye rafu moja, na sisi, kwa werevu wetu, tukadhani ni hadithi moja ndefu inayobadilisha lugha. Tuliyapanga pamoja. Mtoto wa Kiingereza na mtoto wa Kifaransa walikaa jozi kwenye mkeka, huyu akisoma na kumfasiria mwenzake kwa Kiswahili, kisha wakibadilishana. Kusoma kwa jozi ni jambo zuri na msiliache. Lakini hadithi ilikuwa vurugu tupu. Mtu aliyefungwa jela jana, leo alikuwa anafungwa tena na watu wale wale.

Aliyetufumbua macho alikuwa msichana aliyeitwa Kavira. Mama yake, Mama Kavira, aliuza mawese Mpondwe na alitaka binti yake akae kulinda beseni la mawese, lakini beseni lilikaa peke yake. Mama huyo alikuwa amewahi kupanda kwangu kunikaripia.

"Mama Zaituni, mutaniharibia mutoto na bile bitabu ya bashetani! Anarudia nyumbani, anasema anataka kuzima sauti yangu!"

Nikamwambia, kusema kweli, wazo hilo si baya. Hakucheka.

Kavira alisoma sita ya Kifaransa, ambamo Kimya anatumbukia korongoni na rafiki zake wanaita bila kujibiwa. Alilia mkekani mbele ya watu. Akajipangusa, akamkalisha mwenzake amsomee kilichofuata kati ya vilivyobaki rafuni siku ile, nane ya Kiingereza, na humo Kimya akatumbukia tena. Kavira akasimama.

"Mama Zaituni! Huyu mutoto, banamuua mara ngapi?"

Tulicheka hadi fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaona aibu kidogo, tukafunga mlango, tukatandaza kila kitu sakafuni na kulinganisha picha kwa picha. Nane ya Kiingereza ilikuwa ndiyo sita ya Kifaransa. Saba ya Kifaransa ilikuwa mazishi, Chipukizi wakimlilia Kimya na kulaumiana kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, na kwenye ukurasa wa mwisho anatokea mlangoni bila maelezo yoyote. Watoto wa Kongo walikuwa wameamini siku zote kwamba ule ni mzimu wake. Maelezo yalikuwa katika tisa ya Kiingereza, ambayo Wafaransa hawakuichapa kabisa. Humo unaona Kimya ameshika mzizi, amezima sauti yake mwenyewe ili maadui wasimsikie, na kwa sababu hiyo hata rafiki zake hawakumsikia.

Hapo ukazuka ubishi. Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Karambi, msomaji wangu mzuri, alisema tisa isomwe mwisho. Ukijua mapema kwamba yu hai, mazishi yanakosa utamu. Kwa kanuni za hadithi alikuwa sahihi na nilimwambia hivyo. Kavira akamkatalia.

"Hapana, mwalimu. Siye tulilia ku matanga mingi. Kama iko muzima, mutuambie kwanza, kisha muzike vile munapenda."

Watoto wa upande wake hawakupiga makofi. Wale wa upande wetu wakawaangalia. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni: Kifaransa moja hadi sita, kisha tisa ya Kiingereza, ndipo saba ya Kifaransa. Nina hakika hakuna mahali pengine duniani wanaposoma hivyo. Mwalimu wa Karambi mwenyewe alifuata, akinung'unika.

Baada ya hapo Kavira aliazima sita aende nayo kwao, kijiji cha upande wa Beni, akawasomee binamu zake. Akaniaga kwa kuruka kizingiti kama Upepo na kujigonga kichwa.

Sitaeleza vita. Wenye kuvijua wanavijua, na wengine wasikieni redioni. Nitasema tu kwamba watu wa kile kijiji walikimbia asubuhi moja kila mmoja na njia yake, na Mama Kavira alifika kwetu na watoto wake wadogo, bila mawese, bila simu, bila Kavira. Jamaa zake wa Nyakiyumbu wakampokea. Picha zote za binti zilikuwa kwenye simu iliyopotea, na namba ambayo Kavira aliijua kwa moyo ilikufa na simu hiyo.

Alitafuta kama wanavyotafuta wote. Parokiani walituma ujumbe ng'ambo, wafanyabiashara wakauliza. Lakini mtauliza vipi kwa jina? Ukiita Kavira kwenye uwanja uliojaa waliokimbia, wanakujia akina Kavira wa kila umri. Mara moja alipigiwa, kwenye simu ya jamaa zake, kwamba Kavira wake amepatikana, analetwa. Alikimbia hadi kwenye kizuizi cha mpakani na kukuta msichana mwingine, naye amekuja akitarajia mama mwingine. Walitazamana. Mama Kavira akamkumbatia hivyo hivyo, akamnunulia mkate, na wale waliomleta wakarudi naye.

Tangu siku hiyo alianza kuja kwangu siku za soko, akauza kidogo kisha akapanda kukaa pale mkekani alipokuwa anakaa binti yake. Hakujua kusoma. Sikujua nimwambie nini, na mtu asiyejua la kusema husema ujinga, kwa hiyo nilipika gundi. Siku moja akanyoosha kidole kwenye rafu.

"Nielezee. Ile kitabu alikwenda nayo, iko na habari gani?"

Nikamweleza, moja hadi sita. Nilipofika korongoni nilitamani ningeanza na kitabu kingine chochote.

"Akakufa?" akauliza.

"Hapana, mama. Kuna tisa. Ngoja nikuelezee."

Akaushika mkono wangu. "Hapana. Ile ya tisa usinielezee. Nitaisikia pamoja na ye. Lakini unaniambia kuna tisa?"

"Ipo. Ile pale."

"Bon. Inatosha."

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikakaa. Hapo ndipo nilipomsikia Mzee Baluku, Mungu amrehemu, miaka mingi baada ya kusema. Jina la Kavira lilikuwa la watu wengi. Lakini kulikuwa na kitabu ambacho yeye angekikataa.

Nilikuwa na nakala mbili za saba ya Kifaransa. Nikachukua moja, nikamwita Twaha, Mwislamu mwenzangu na mwenye lori, aliyekuwa akipeleka chumvi na samaki wakavu Butembo. Nikamwambia aende nayo popote waliokimbia wamekusanyika, aiweke mbele ya watoto, asiulize jina la mtu wala kwao. Mwanamume mgeni anayeuliza habari za wasichana mahali kama pale hutazamwa vibaya, na ni haki yao kumtazama hivyo.

"Hajati," akasema, "mimi ni mtu ya chumvi."

"Najua. Uza chumvi yako. Halafu usikilize nani anakataa."

"Nani atakataa kitu ya bure?"

"Huyo ndiye ninayemtaka."

Safari ya kwanza alirudi na kitabu kimepasuka, maana watoto walikigombea. Nikakishona. Safari ya pili vivyo hivyo, na Twaha akaniambia kwamba siku hizi wakiona lori lake wanaimba. Safari nyingine hakukuwa na cha kueleza. Nilianza kujilaumu. Kumpa mtu tumaini kwa hila ya katuni, na mimi mtu mzima niliyekwenda Maka! Mama Kavira sikumwambia chochote, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana zile safari za bure nilizibeba peke yangu.

Kisha Ijumaa moja simu ikalia nikiwa nafungua dirisha. Alikuwa Twaha, kutoka uwanja wa parokia moja Butembo.

"Hajati! Iko msichana hapa ananigombeza!"

"Anasema nini?"

"Anasema mimi mpumbavu. Anasema nani anapeana watu ile saba bila tisa ya Kizungu. Amenitupia kitabu, Hajati. Imenipiga hapa!"

Nikamwambia asikate simu hata jabali likimwangukia. Nikauacha mlango wazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na nyinyi msilifanye, nikateremka sokoni na magoti haya haya. Mama Kavira alikuwa akimimina mawese kwenye chupa ya mteja. Nikampa simu. Alinitazama, na nikaona haiamini. Alikuwa ameshapewa simu kama hiyo. Hakuuliza jina. Hakuuliza kijiji. Aliiweka sikioni akasema kwa sauti kavu:

"Sita, kisha nini?"

Sauti iliyotoka niliisikia mpaka mimi, kwa sababu msichana yule hakuwahi kujua kuongea polepole.

"Tisa, mama! Tisa ya Kizungu! Kisha saba! Mama? Ni weye?"

Mama Kavira akakaa chini. Dumu likabaki limeinama mkononi mwake, chupa ikajaa, ikamwagika, mteja akaishika. Mimi nililia, na sioni kwa nini nisiseme. Nililia kwa furaha, na kwa uchovu wa kutua mzigo ambao hakuna aliyejua kwamba nimeubeba.

Kavira alikuwa ameokotwa njiani na familia nyingine, akawa anawapikia. Mtu alimwambia wa kwao wote wamekufa, akaamini, kwa hiyo hakumtafuta mtu. Twaha alimleta juu ya lori tupu. Kwenye kizuizi yule afande wetu alitusukuma nyuma wote kwa ukali, akafungua mwenyewe.

"Wewe msichana! Pita! Pita mbio!" Halafu, alipokwisha kupita: "Namba sita umerudisha?"

Alikuwa amerudi nacho. Kilikuwa kimelowa na kukauka mara nyingi, jalada hakuna, lakini uzi wa Kahendero ulikuwa haujaachia. Kiko kwenye rafu ya juu. Msikibadilishe jalada, na mtu akikiomba mpeni.

Walipanda kwangu siku iliyofuata ya soko, mama na binti, wadogo zake wameshikilia vitenge. Kavira akamsimulia mama yake tisa, ukurasa kwa ukurasa, kwa kupiga kelele kama kawaida. Mama akasikiliza habari za msichana aliyeshika mzizi gizani na kunyamaza ili asiuawe. Alikuwa anausugua mgongo wa binti yake bila kujua kwamba anausugua. Ilipokwisha akasema, "Endelea. Leta saba."

Basi Kavira akafungua saba, mazishi. Jiwe anabomoka kwa kilio, Mwanga anamlaumu Upepo, watu wameshika maua, padri anasoma. Mwalimu wa Karambi alikuwepo, na alikuwa akisubiri kuona kama mazishi yatakosa utamu. Mama Kavira alitazama zile picha kwa muda. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kidogo kwanza, akajiziba mdomo kwa kitenge, halafu ikamshinda akaegemea ukuta, machozi yanamtoka, anamwonyesha mtoto wake wale watu wote wanaolia kaburini.

"Angalia!" akasema. "Angalia vile banalia!"

"Mama, habajue," Kavira akamtetea Jiwe.

"Acha balie," akasema mama yake, akamvuta karibu. "Siye tunajua."

Mpangilio wenyewe ndio huo ulioko ubaoni, Sifa na Bwambale. Mkifagia, msifute.